Somo la Sita: Nyumba ya Kupangisha na Wajibu wa Kuitunza

Kagongwa ni mji uliokuzwa na mpunga. Upo kando ya barabara kuu kati ya Isaka na Kahama, na shughuli za kukoboa na kuuza mchele huwavuta hapo wafanyabiashara, wapakiaji, madereva na mafundi wa mashine. Dhahabu nayo inachangia. Maeneo ya wachimbaji wadogo yaliyo jirani, pamoja na migodi mikubwa ya ukanda huu, huwaleta watu wanaokuja kwa msimu, wengine kwa miaka, na wengi wao hawana nyumba yao hapo. Hupanga.

Kwa sababu hiyo, mwananchi aliyefyatua matofali yake, akajenga vyumba vinne au sita kuzunguka ua, amekuwa mtoa huduma hata kama hajawahi kujiita hivyo. Anauza makazi. Anayenunua makazi hayo ni mlaji, sawa na anayenunua unga, saruji au umeme, naye anastahili kupata kile alicholipia. Somo hili linamhusu mwenye nyumba wa namna hiyo, na mpangaji pia atafaidika akilisoma. Tunakusudia kuonyesha jambo moja: matengenezo hayapaswi kuchukuliwa kuwa hisani kwa mpangaji wala hasara kwa mwenye nyumba, kwa kuwa ni sehemu ya bidhaa inayouzwa. Anayeyapuuza hulipa zaidi baadaye.

1. Kodi ya pango hununua nini?

Hapo zamani kodi za nyumba nchini zilisimamiwa na sheria maalumu ya udhibiti wa kodi za nyumba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu wakati huo kiasi cha pango hutokana na mapatano ya pande mbili. Wapo waliodhani kwamba kufutwa kwake kulimwachia mwenye nyumba uhuru usio na mipaka. Sivyo. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, inaweka masharti yanayohesabiwa kuwa yamo ndani ya upangaji, hata pale ambapo wahusika hawakuyataja.

Kwa muhtasari, mwenye nyumba anatakiwa kumwacha mpangaji akae kwa utulivu bila kubughudhiwa maadamu anatimiza wajibu wake. Chumba au nyumba ya kuishi iwe inafaa kwa makazi ya binadamu siku ya kuingia, na iendelee kufaa muda wote wa upangaji. Pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, kama ilivyo kwa vyumba vya uani, paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji na maeneo yanayotumiwa na wote hubaki mikononi mwake kwa matengenezo. Aidha, nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali isiyotokana na uzembe wa mpangaji, hata isiweze kukaliwa, pango lote au sehemu yake husimama mpaka itengenezwe.

Mpangaji naye ana yake. Hulipa pango kwa wakati, hutumia nyumba kwa uangalifu, humruhusu mwenye nyumba kukagua kwa saa za kufaa baada ya kuarifiwa, na huirudisha katika hali aliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu ni uchakavu wa kawaida. Kioo cha dirisha kilichovunjwa kwa mpira wa watoto si uchakavu, ni deni.

2. Mkataba na daftari

Upangaji wa muda mfupi unaweza kufanyika kwa mdomo na bado ukawa halali. Hata hivyo, maneno husahaulika, na kila mmoja hukumbuka yale yanayomfaa. Tunashauri kila upangaji uandikwe, japo kwa ukurasa mmoja, ukiwa na mambo yafuatayo:

(a) majina ya pande zote mbili, chumba kinachopangwa na tarehe ya kuanza;
(b) kiasi cha pango, kinalipwa kwa mwezi mmoja, mitatu au sita, na kwa njia gani;
(c) nani hulipia umeme, maji, ulinzi, uzoaji wa taka na unyonyaji wa choo;
(d) hali ya chumba siku ya kuingia: mlango, kitasa, madirisha, taa, soketi, sakafu, dari na kuta;
(e) shughuli zisizoruhusiwa ndani ya nyumba;
(f) muda wa notisi kwa upande wowote unaotaka kuvunja mkataba.

Kipengele (d) ndicho kinachoachwa mara nyingi, nacho ndicho kinachozuia ugomvi siku ya kuhama. Wahusika wapite chumbani pamoja, waandike walichokiona, na wote wawili watie saini. Picha za simu zilizopigwa siku hiyo ni ushahidi mzuri wa nyongeza. Shahidi mmoja kwa kila upande anatosha. Ni vyema pia mpangaji ajitambulishe kwa uongozi wa mtaa, ili ajulikane alipo na asionekane mgeni asiye na mdhamini.

Mkataba ulioandikwa hulipiwa ushuru wa stempu katika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kwa asilimia 1 ya pango la mwaka. Hati isiyolipiwa ushuru huo inaweza kukataliwa inapopelekwa kama ushahidi. Mpangaji anayeendesha biashara katika jengo, kwa mfano duka, ghala au ofisi, anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha TRA. Mwenye nyumba adai hati ya zuio hilo ili lihesabiwe katika kodi yake ya mapato.

Kila malipo yapewe risiti au yaandikwe katika daftari lenye saini za wote wawili. Ujumbe wa malipo ya simu usifutwe. Daftari hilohilo liwe na ukurasa wa taarifa za uharibifu: siku mpangaji alipotoa taarifa, tatizo lenyewe, na siku lilipotengenezwa. Mwenye nyumba asiyeandika hawezi kuthibitisha kwamba alitengeneza, na mpangaji asiyeandika hawezi kuthibitisha kwamba alisema.

3. Ukaguzi kabla ya mvua

Katika ukanda huu mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea, kwa vipindi, hadi Mei. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, ndiyo wakati wa kukagua na kutengeneza. Ni wakati pia ambao wakulima wa mpunga wamekwisha kuvuna, fedha ipo, na mafundi wanafikika. Anayesubiri tone la kwanza lianguke ndipo amwite fundi atamkuta yuko kwa jirani.

Paa. Panda ngazi au mtume fundi aangalie misumari iliyolegea, bati lililopata kutu na mbao za kenchi zilizoliwa na mchwa. Doa la maji darini halianzii pale linapoonekana. Maji hutiririka juu ya mbao hadi yapate pa kudondokea, kwa hiyo chanzo kitafutwe upande wa juu wa mteremko. Unaponunua bati, kumbuka kwamba namba ya geji huenda kinyume na unene: geji 32 ni nyembamba kuliko geji 30, na geji 28 ni nene kuliko zote hizo. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na udai risiti inayotaja geji uliyouziwa. Pasipo risiti hiyo huwezi kurudisha bati jembamba uliloambiwa kuwa ni nene.

Kuta na msingi. Maeneo mengi ya mpunga yana udongo mweusi wa mbugani, ambao huvimba unapolowa na kusinyaa unapokauka. Nyumba iliyojengwa juu yake hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, ndiyo maana nyufa hujitokeza pembeni mwa madirisha na juu ya milango. Ufa mwembamba unaoishia kwenye lipu unaweza kuzibwa. Ufa unaopita ndani ya tofali, unaoongezeka mwaka hata mwaka, au unaopitisha ncha ya kidole, umwone fundi kabla mtu hajalala tena chini ya ukuta huo. Njia rahisi ya kujua kama ufa unakua ni kuandika tarehe kwa penseli mahali unapoishia, kisha kuutazama baada ya miezi mitatu.

Kuta za matofali ya kuchoma zilizojengwa kwa tope badala ya saruji huhitaji ulinzi zaidi. Maji yanayorukia kutoka kwenye paa hula tope kati ya matofali ya chini taratibu, na ukuta unaweza kuanguka usiku wa mvua ukiwa ulionekana mzima jioni. Chimba mfereji wa kupeleka maji mbali na nyumba, paka lipu ya saruji sehemu ya chini ya ukuta, na usiruhusu mtu alimbikize udongo au magunia yenye unyevu dhidi ya ukuta.

4. Umeme, moto na hewa

Nyumba nyingi za kupanga zilianza na taa nne na soketi mbili. Leo waya zilezile zinabeba friji, pasi, jiko la umeme na feni. Soketi inayopata joto, harufu ya plastiki kuungua, au swichi kuu inayojizima kila mara ni onyo. Kuibana swichi hiyo isizime, au kuweka waya mnene mahali pa fyuzi, ni kuondoa mlinzi wa nyumba na kumwacha mwizi ndani. Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Mwombe akuonyeshe leseni kabla hajaanza.

Mita moja ya LUKU inayotumiwa na vyumba vingi huzaa malumbano. Ikiwa haiwezekani kila chumba kiwe na mita yake, wapangaji wakubaliane kwa maandishi namna ya kuchangia kulingana na vifaa vya kila mmoja, na manunuzi yaandikwe. Pia ieleweke kwamba kodi ya jengo, ambayo tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, hukatwa wakati wa kununua umeme lakini ni deni la mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme amemlipia mwingine. Haki ni kumrudishia, au kuipunguza katika pango, na jambo hilo liandikwe katika mkataba.

Kuhusu hewa, tunatoa tahadhari kubwa. Jiko la mkaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulala akidhani ni uchovu, asiamke. Mwenye nyumba ana namna ya kuepusha vifo hivi: atenge jiko la nje au baraza yenye paa ambapo wapangaji wanaweza kupika hata mvua inaponyesha, na asizibe matundu ya hewa juu ya madirisha. Mpangaji asipokuwa na mahali pa kupikia nje, atapikia ndani.

5. Maji na choo

Maji ya Ziwa Victoria, yanayochukuliwa Ihelele na kusafirishwa kwa mabomba hadi Shinyanga na Kahama, yamebadilisha maisha ya wilaya hizi. Lakini bomba kufika mtaani ni jambo moja, na koki ya uani kutunzwa ni jambo jingine. Koki inayovuja hupoteza fedha za wapangaji wote na kulowesha msingi wa nyumba. Tangi la akiba lifunikwe na lisafishwe angalau mara mbili kwa mwaka.

Choo cha shimo kichimbwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Katika udongo wa mbugani, shimo lisilojengewa kuta hubomoka wakati wa mvua, na sakafu yake inaweza kutumbukia pamoja na aliye juu yake. Angalia kila mwaka kama sakafu imeanza kupasuka au ardhi inayoizunguka imetitia. Ukiona dalili hizo, funga choo siku hiyohiyo. Mtoto hajui kutofautisha sakafu imara na iliyooza.

6. Zebaki ndani ya nyumba

Jambo hili linahusu ukanda wa dhahabu kuliko sehemu nyingine za nchi. Wapo wapangaji wanaochoma dhahabu iliyochanganywa na zebaki ndani ya chumba au uani. Zebaki inapopashwa moto hugeuka mvuke usioonekana wala kunuka. Mvuke huo huingia mapafuni, huathiri ubongo na figo, na hudhuru mtoto aliye tumboni. Baada ya hapo hutulia kwenye kuta, dari, sakafu na nguo, kisha huendelea kutoka polepole. Familia itakayohamia chumba hicho mwaka unaofuata itavuta sumu ambayo haikuileta.

Kwa hiyo mkataba uliotajwa hapo juu, katika kipengele (e), useme wazi: kuchoma dhahabu, kuhifadhi zebaki na kuhifadhi baruti ndani ya nyumba ni marufuku. Mwenye nyumba anayegundua kazi hiyo inafanyika asijaribu kufagia matone ya zebaki kwa ufagio, maana humeguka na kusambaa. Afungue milango na madirisha, awaondoe watoto na wajawazito, na amwarifu afisa afya wa kata. Mteja huyu anaweza kuwa mlipaji mzuri, lakini pango lake haliwezi kulipia afya ya wengine walio katika ua huo.

7. Fungu la matengenezo

Wenye nyumba wengi hutuambia kwamba wanatambua haya yote ila hawana fedha. Tuchukue mfano. Nyumba ina vyumba sita, kila kimoja hupangishwa kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Mapato ni shilingi 240,000 kwa mwezi. Akitenga sehemu moja ya kumi, yaani shilingi 24,000, na asiiguse kwa chakula wala ada, mwisho wa mwaka atakuwa na shilingi 288,000 za kununulia bati, saruji, koki na vitasa, na kumlipa fundi.

Sasa tazama upande wa pili. Chumba kimoja kinachovuja kikikosa mpangaji kwa miezi mitatu, hasara yake ni shilingi 120,000, sawa na akiba ya matengenezo ya miezi mitano. Mgodi wa Buzwagi uliposimamisha uzalishaji mwaka 2021, wenye nyumba wa Kahama walikumbushwa kwamba wateja wanaofuata ajira huweza kuondoka. Vyumba vinapokuwa vingi kuliko wapangaji, kinachojaa kwanza ni kile kisichovuja, chenye choo imara na mwenye nyumba anayepokea simu.

Fungu hilo lihifadhiwe kando, katika akaunti, kwenye simu au katika kikundi cha kuweka na kukopa. Mahali si hoja, ilimradi lisichanganywe na matumizi ya nyumbani.

8. Mpangaji anaposhindwa kulipa

Kipato cha mchimbaji na cha mpakiaji wa mchele hupanda na kushuka. Kabla ya hasira, kaeni mzungumze, mkubaliane tarehe na viwango vya kulipa deni, na mwandike. Mapatano yakishindikana, mpe notisi ya maandishi. Kwa upangaji unaolipwa mwezi kwa mwezi, notisi isipungue mwezi mmoja.

Kuezua bati, kung'oa mlango, kufunga chumba kwa kufuli la pili, kukata umeme au kuzuia vyombo vya mpangaji hakumalizi shauri. Humgeuza mdai kuwa mshtakiwa. Mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Kata, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, shauri linaweza kufunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na Kahama lipo. Hapo ndipo mkataba, daftari na risiti vitakapozungumza kwa niaba yako.

Maswali ya kujipima

1. Ni mara ya mwisho lini ulipolikagua paa la nyumba unayopangisha, na uliandika wapi ulichokiona?
2. Je, mpangaji wako anajua ampigie nani simu choo kikititia usiku?
3. Wapangaji wako hupikia wapi siku ya mvua?
4. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ya nyumba yako imelipwa na nani mwaka huu, na je, amerudishiwa?
5. Kama chumba kimoja kingekuwa tupu kuanzia kesho, je, wewe mwenyewe ungekubali kulala humo na watoto wako kabla ya kukipangisha tena?

Anayejibu swali la tano kwa «hapana» aanze matengenezo hapo.